Yule ni msichana kweli?

Kila msimu wa michezo ya shule unapofika, lazima mtu anisogelee pembeni ya uwanja, apunguze sauti, aniulize: "Madam, yule wako ni msichana kweli?" Huuliza walimu wenzangu, huuliza wazazi, wakati mwingine hata mwamuzi mwenye filimbi shingoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo kuhusu msichana aliyeshika mkia.

Nafundisha Jiografia na kusimamia riadha katika sekondari ya kata huku Mbulu, mkoani Manyara. Kiwanja chetu kimeinama upande mmoja. Mistari tunaichora kwa chokaa, mvua ikinyesha inafutika na tunaanza upya. Wasichana wengi wanakimbia pekupeku, na wenye raba wanaazimana: anayemaliza mchujo wa kwanza anavua, anampa wa mchujo wa pili. Wana miguu imara kwa sababu tangu wana miaka sita wanapanda na kushuka milima hii na madumu ya maji, wanalima, wanafukuza ng'ombe. Vichwa vimenyolewa, maana ndivyo sheria ya shule inavyotaka. Mvalishe msichana wa namna hiyo fulana pana na bukta ya kaka yake, mpe mita 800 akimbie vizuri, na utawasikia watu wanaanza kunong'ona.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito. Alikuwa na mbio nzuri sana. Mzunguko wa kwanza angekaa nyuma ya wenzake kana kwamba hana haraka, halafu kwenye kona ya mwisho angewaacha wote. Kwenye mashindano ya kutafuta timu ya wilaya alishinda mchujo kwa umbali mkubwa, na kabla ya fainali walimu wa shule nyingine wakaweka pingamizi kwamba tumeleta mvulana. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja na wasichana wa kupokezana vijiti. Niliposikia kelele na kukimbilia huko, walikuwa wameshamwingiza darasani. Dirisha halikuwa na kioo, mtu alikuwa amening'iniza kanga, na nje walijaa wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wanasubiri jibu kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Ndani walikuwemo akina mama wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari. Mmoja alitoka akatangaza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ni msichana, endeleeni."

Wakaendelea. Filimbi ya fainali ikapulizwa muda mfupi baadaye, kana kwamba mtoto alikuwa ameitwa kusaini fomu tu.

Alikimbia. Alishinda pia. Hakupunga mkono, hakumkumbatia mtu. Alichukua sweta lake akaenda kukaa kwenye basi peke yake. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, na mwezi haukuisha akawa haji hata shuleni. Nilikwenda kwao. Baba yake alinikaribisha kwa heshima zote, akaagiza niletewe maziwa, tukaulizana habari za mvua na za mifugo. Ndipo akasema: "Mwalimu, binti yangu amekaguliwa kama ndama mnadani, na watu wa kijiji chote wanajua. Huko shuleni mnakomwita, anarudi kufanya nini?" Nilimwambia, "Baba, aliyofanyiwa si haki, na mimi nitalisema kokote nitakakoitwa." Akanijibu kwamba kusema ni vizuri. Binti hakurudi.

Kwa hiyo watu wanaponiambia kwamba habari za vipimo vya jinsia ni mambo ya Olimpiki huko mbali, ya madaktari na mahakama za Uswisi, nashindwa kukubaliana nao. Tofauti iliyopo ni ya vifaa tu. Kule wanatumia maabara, kwetu walitumia kanga dirishani.

Fainali ya mita 800 za wanawake Rio de Janeiro mwaka 2016 nimeitazama mara nyingi kwenye simu. Dhahabu alichukua Caster Semenya wa Afrika Kusini, 1:55.28. Fedha ikaenda kwa Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba kwa Margaret Wambui wa Kenya. Medali ya Niyonsaba ilikuwa ya pili tu kwa Burundi katika historia yao yote ya Olimpiki, baada ya dhahabu ya Vénuste Niyongabo kwenye mita 5,000 kule Atlanta mwaka 1996. Nchi ndogo, iliyotoka kwenye vita, inapata medali ya pili katika miaka ishirini, na msichana wa Ruyigi ndiye anayeileta. Ilipaswa kuwa habari ya furaha tupu. Badala yake mazungumzo ya wiki nzima yalikuwa juu ya miili ya wale watatu na homoni zao. Mwanariadha wa Poland aliyemaliza wa tano aliripotiwa akisema anafurahi kuwa Mzungu wa pili na wa kwanza kutoka Ulaya. Sentensi hiyo haina homoni ndani yake. Haihusu sayansi yoyote.

Miaka miwili baadaye, 2018, Shirikisho la Riadha la Kimataifa likatoa kanuni: mwanamke aliyezaliwa na tofauti fulani za ukuaji wa jinsia, ambaye mwili wake unatengeneza testosteroni nyingi, homoni ambayo kwa kawaida wanaume wanayo kwa wingi zaidi, ashushe kiwango chini ya nanomoli 5 kwa lita kwa dawa au kwa upasuaji, la sivyo asikimbie kuanzia mita 400 hadi maili moja. Mbio hizo tu. Utafiti ulioegemewa na shirikisho, uliochapishwa mwaka 2017 na watu wake wenyewe, ulidai kuona faida kwenye kurusha nyundo na kuruka kwa upondo pia, na kwa kurusha nyundo faida ilikuwa kubwa kuliko kwenye mita 800. Lakini nyundo na upondo havikuguswa. Kilichoguswa ni masafa ambamo wasichana wa Kiafrika walikuwa wanatawala. Mwaka 2021 waandishi wa utafiti huo wakachapisha sahihisho, wakakiri kwamba kazi yao ilikuwa ya uchunguzi wa awali na kwamba baadhi ya maneno yao yangeweza kupotosha. Wakati huo Wambui alikuwa ameshaacha kukimbia.

Niyonsaba yeye alikataa kuondoka. Alihamia masafa marefu ambayo kanuni haikuyafikia, akaanza kujifunza upya mbio akiwa mtu mzima. Septemba 2021 alishinda fainali ya Diamond League ya mita 5,000 mjini Zürich, na siku chache baadaye kule Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa 5:21.56. Mimi ninayefundisha watoto kugawa nguvu kwenye mizunguko miwili tu najua huo ni ujasiri wa namna gani. Kutoka mita 800 kwenda 5,000 unabadilisha kila kitu: unavyopumua, unavyokanyaga, unavyokula, unavyovumilia kuachwa ukijua utarudi. Halafu Machi 2023 kanuni ikapanuliwa ikafunika michezo yote ya riadha, na kiwango kikashushwa hadi nanomoli 2.5, kwa muda wa miezi 24. Mlango alioufungua kwa mikono yake nao ukafungwa.

Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ilipotoa hukumu ya kesi ya Semenya tarehe 1 Mei 2019, ilikubali waziwazi kwamba kanuni zile ni za kibaguzi. Ikasema hata hivyo ubaguzi huo ni wa lazima, una busara na unalingana na lengo. Majaji wawili kwa mmoja. Nikiisoma hukumu hiyo namkumbuka yule mama aliyetoka darasani akasema endeleeni.

Semenya aliweza kupanda ngazi zote za mahakama kwa sababu alikuwa na serikali yake nyuma yake, shirikisho la nchi yake na mawakili. Alifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Julai 2025 jopo kuu la mahakama hiyo likasema Uswisi, ambako rufaa yake dhidi ya CAS ilikuwa imesikilizwa, haikumpa usikilizwaji wa haki. Wambui na Niyonsaba hawakuwa na msafara huo. Halafu yuko Annet Negesa wa Uganda, ambaye ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko wote. Mwaka 2012 alikuwa ndiyo kwanza anapanda, ameweka rekodi ya Uganda ya mita 800, 1:59.08, na anajiandaa kwenda Olimpiki ya London. Wiki chache kabla, akapigiwa simu kwamba hataenda, homoni zake ziko juu. Akafanyiwa upasuaji Kampala. Mwaka 2019 alieleza kwenye televisheni ya Ujerumani kwamba hakuelezwa sawasawa kilichokuwa kinafanywa, na kwamba baada ya hapo mwili wake haukurudi ulivyokuwa. Shirikisho la kimataifa lilikana kuhusika na upasuaji huo. Alipewa hifadhi Ujerumani.

Msichana aliyekulia kijijini, anayempigia simu ni ofisa mwenye cheo, anaambiwa kwa Kiingereza cha kitabibu kwamba kuna tatizo na suluhisho lake ni chumba cha upasuaji. Ataanzia wapi kuuliza? Amuulize nani? Nani atamlipia daktari wa pili wa kumpa maoni? Ninaposema kukosa usawa michezoni namaanisha hapo hasa. Kanuni inaweza kuandikwa kwa maneno yaleyale kwa wote, lakini mwenye daktari wa familia na wakili ataijadili, na asiye navyo ataitii.

Huku Mbulu kila mtoto analijua jina la John Stephen Akhwari, mtu wa kwetu, aliyeingia uwanjani Mexico mwaka 1968 wa mwisho kwenye marathoni, goti limefungwa bendeji, watu wengi wameshaondoka, akamaliza. Tunafundishwa habari hiyo kama somo la utu, na ni somo kweli. Ila michezo hiyohiyo ya 1968 ndiyo Olimpiki ya kwanza ya kiangazi ambako wanawake walitakiwa kupimwa jinsia kwa kromosomu ili waruhusiwe kushindana. Miaka miwili nyuma yake, kwenye ubingwa wa Ulaya wa 1966 kule Budapest, wanariadha wanawake walipitishwa mbele ya madaktari wakiwa uchi. Vipimo hivyo, vya kromosomu na baadaye vya jeni, viliendelea kwa miaka thelathini. Atlanta 1996 wanawake wanane hawakupita vipimo hivyo, na wote wanane waliruhusiwa kushindana baada ya kuchunguzwa zaidi. Mwaka 1999 Kamati ya Olimpiki ikaachana navyo kwa sababu vilikuwa vinaumiza watu bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Wavulana wangu hawajawahi kusimulia historia ya namna hiyo kuhusu wanaume, kwa sababu haipo. Mwanaume mwenye miguu mirefu kupita kiasi au moyo mkubwa kuliko wa wenzake tunamwita kipaji.

Sasa imerudi kwa sura mpya. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke yeyote anayetaka kushiriki ubingwa wa riadha wa dunia lazima apimwe jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida wanayo wanaume, mara moja maishani, kwa damu au kwa kupitisha pamba ndani ya shavu. Wapo wanaonieleza kwamba hii angalau ni haki, maana wanapimwa wote, si wale tu wanaotiliwa shaka kwa sura. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Kama kule nyuma wangepimwa wote kwa faragha, yule mtoto wangu asingeingizwa darasani peke yake. Lakini nafikiria jibu linapofika. Msichana wa miaka kumi na saba au kumi na nane, yuko kambini, lugha ya kambi si yake, anaambiwa jambo juu ya mwili wake ambalo hata mama yake hakulijua. Vyombo vya habari vya nyumbani vinaona jina lake limetolewa kwenye orodha, na kila mtu anajua maana ya jina kutolewa. Anarudi kijijini. Semenya alikuwa na miaka 18 Berlin mwaka 2009 wakati habari za kupimwa kwake zilipovuja kabla tu ya fainali, na dunia ikajua kabla yeye hajaelezwa vizuri. Alikuwa na nchi nzima iliyompokea uwanja wa ndege kwa nyimbo. Wengi hawatapokelewa hivyo.

Najua pia upande wa pili, na ningekuwa kocha mbaya kama nisingeujua. Nina wasichana wanaomaliza wa pili na wa tatu kila mara, wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kama yule wa kwanza. Wana haki ya kushindana kwenye mbio zilizo sawa. Kundi la wanawake michezoni limewekwa kwa sababu, na anayetetea sababu hiyo simwiti mbaguzi. Wambui mwenyewe mwaka 2021 alipendekeza liwepo kundi la tatu. Kuna wakati nawaza kwamba huenda ni sahihi, kuna wakati naona ni kumtenga mtu kwa heshima tu, maana atakimbia na nani kwenye mashindano ya wilaya? Ila hata anayeamini kwamba mipaka lazima iwepo, bado anapaswa kujibu nani anachaguliwa kupelekwa mpakani, na anapelekwa vipi.

Kwetu anachaguliwa kwa macho. Agosti 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiipokea Ikulu timu ya wanaume ya chini ya miaka 23 iliyoshinda CECAFA, alizungumza pia kuhusu wachezaji wanawake wa mpira. Alisema baadhi yao wana vifua bapa hata mtu angeweza kudhani ni wanaume, na kwamba hilo linawapunguzia nafasi ya kuolewa. Nakubali kwamba alikuwa anazungumzia maisha yao baada ya soka, kwamba wanatuletea vikombe halafu tunawasahau, na hilo ni kweli. Lakini niliumia, na niliumia zaidi kwa sababu anayesema ni mwanamke wa kwanza kuiongoza nchi hii. Jumatatu yake wavulana wa kidato cha tatu walikuwa wanalirudia neno hilo kwenye foleni ya uji, na wasichana wangu wawili wa mpira wakaniomba waruhusiwe kuvaa sweta mazoezini, jua kali vilevile.

Kwenye kikao cha walimu wa michezo nilisimama nikaeleza ninachotaka. Pingamizi lolote juu ya mwanafunzi liandikwe, lisainiwe na jina la anayelileta, na liletwe kabla ya mashindano kuanza. Cheti cha kuzaliwa na kumbukumbu za shule ndivyo vitazamwe, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyothibitisha udanganyifu ambao kweli upo huku, wa kuleta watu wazima na wanafunzi wasio wa shule. Asiguswe mtoto na mtu asiye daktari, na hata daktari asimguse bila mzazi kujua na mtoto mwenyewe kukubali, tena hospitalini. Mwalimu mmoja, kaka ninayemheshimu, aliuliza: "Dada, sasa wakituletea dume?" Nikamwambia anitajie mara moja tu hapa wilayani ambapo ukaguzi wa namna ile ulimkuta mvulana. Alikaa kimya, akasema hana.

Kikao kilikubali mambo mawili ya mwanzo. La kuhusu daktari na mzazi limewekwa kiporo kwa hoja kwamba litachelewesha ratiba. Nitalileta tena, na safari hii nitakuja na wazazi. Hadi hapo litakapopitishwa, walimu wenzangu mnaosoma hapa na mtakaokutana nami uwanjani jueni msimamo wangu: mwanafunzi wangu haingii chumba chochote na mtu yeyote kwa ajili ya kukaguliwa. Mkitaka tufutiwe mbio, futeni, na muandike sababu kwenye karatasi ya matokeo kwa herufi zinazosomeka, na chini yake mweke majina yenu.